Mama Christiane na Picha za Kikao Kimoja

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mama Christiane Mbuyi anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana yetu ya uchoraji hapa Kamalondo. Mimi, Ruphin Chileshe, mwangalizi wa chumba cha kukaushia picha, nimeombwa kuandika wasifu wake. Nilikubali haraka, kabla hawajampa mtu mwingine.

Alianza mwaka 1996 akiandika vibao vya maduka, akapanda hadi picha za sura. Rangi ya mafuta tuliipaka kwa desturi: tabaka la kwanza, juma zima la kukauka, tabaka la pili, tena juma. Shida ni kwamba wateja wetu wengi walikuwa madereva wa malori. Dereva alikaa kuchorwa mara moja, akaenda mpakani Kasumbalesa, foleni ikammeza, picha ikabaki nusu. Chumba changu kilijaa wanaume wasio na masikio.

Mwaka 2014 Mama Christiane akaamua kujifunza kumaliza picha katika kikao kimoja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Kila mchana, wenzake wakila, yeye alichora nyanya na birika. Miezi ya kwanza rangi zilichanganyika zikawa matope. Akazikwangua kwa kisu, akaanza upya. Polepole akajua: changanya rangi zote kwanza, anza na giza, tumia brashi kubwa, na ukishaweka rangi uiache. Mwaka uliofuata dereva mmoja aliketi saa mbili asubuhi, na kabla ya saa tano sura yake ilikuwa kamili, masikio yote mawili.

Sikuamini. Haraka haraka haina baraka, mimi nimelelewa na methali hiyo. Niliona kikapu chake kizito kila asubuhi, nikajiambia picha zinatayarishwa nyumbani, labda na mtu mwingine. Siku moja nilichungulia: bukari, yaani ugali wetu, na samaki wa Kasenga. Hata hao niliwatilia shaka; nani anahitaji samaki wengi hivyo? Nikamnong'oneza mwenzangu mmoja, naye akamwambia mwingine, na baada ya siku chache karakana nzima ilikuwa inasema lisemwalo lipo.

Mwaka 2016 uvumi ulimfikia mkurugenzi wetu, Bwana Anaclet. Akatangaza kwamba Mama Christiane atamchora yeye mwenyewe mbele yetu. Akishindwa, atarudi kwenye vibao. Alimaliza kwa saa mbili na nusu. Wote walipotoka kunywa chai, mimi nilibaki. Nilishuku kuna picha kavu iliyofichwa chini, na rangi kavu huzuia kidole. Nikabonyeza shavu la mkurugenzi kwa kidole gumba. Kikazama hadi kwenye nyuzi za turubai.

Mimi nilikuwa na ushahidi, na mkurugenzi alikuwa na shimo. Nilipogeuka, Mama Christiane alikuwa mlangoni.

“Ruphin, sasa unaamini? Utoke ku mwangaza, nitengeneze mbele ya bantu kurudia.”

Alipitisha brashi mara tatu, shavu likarudi kabla wenzetu hawajamaliza chai. Hakumwambia mtu. Alibaki kwenye picha za sura, akachora zaidi ya mia mbili kwa mtindo huo, na akawafundisha Aimé na Cathy, ambao leo ndio tegemeo la karakana.

Lakini uvumi haustaafu. Juma lililopita, langoni, nilimsikia mchoraji mgeni akieleza kwamba picha za Mama Christiane hutoka nyumbani zikiwa tayari. Niliona aibu kubwa. Mwanamke huyu anaondoka na doa nililompaka mimi, nami nimenyamaza miaka tisa. Basi Bwana Anaclet asome, na wote wasome: picha ni zake, kila moja, kwa kikao kimoja. Uongo ulikuwa wangu.

Mama Christiane, asante kwa kazi, kwa subira na kwa kutonitaja. Tunakuombea mapumziko yenye afya, nyumba yenye amani na wajukuu watakaotulia ukiwachora. Unisamehe. Ijumaa, kabla hujaondoka, nitayasema haya kwa mdomo wangu, mbele ya watu wale wale niliowanong'oneza.