Karatasi ya Marcelline na Njia ya Wamaza

Kijiwe chetu kiko pale njia ya Kabambare inapoanza kuacha muji wa Kasongo, mbele ya nyumba ya Mama Hidaya. Ni ubao murefu juu ya matofali, na meza ya kahawa ya tangawizi. Mimi natengeneza baisikeli hapo pembeni, kwa hiyo sikosi neno. Ramazani, fundi wa nguo, tunamwita Mezali, sababu kila habari anaifunga na mezali, yale maneno ya wazee, na karibu kila mara ni mezali ya habari ingine. Gédéon anapeleka abiria na pikipiki yake mpaka Wamaza na Kabambare. Yeye tunamwita Komisa, kama mukubwa wa polisi, kwa sauti yake tu, cheo hana. Anayemimina kahawa ni Marcelline, Hidaya ni shangazi yake. Habari hii ni yake.

Marcelline ni mutu wa Wamaza. Aliolewa na Chadrack, muchuuzi wa karanga, jirani yao wa kule kule, wakaja kukaa Kasongo. Chadrack alikuwa anamupiga. Siku alipomuvunja mukono, Hidaya alimufuata, akamuleta kwake. Wamama wa parokia na wa musikiti wakamusindikiza mpaka tribinali penye kesi zinakatwa, wakamutafutia avoka wa kumutetea, na juje mwenye kuhukumu akatoa amri ya kuandikwa: Chadrack asimukaribie Marcelline, asifike nyumbani kwa Hidaya wala penye anauzia kahawa, asimupigie simu, asitume mutu.

Karatasi ile ilipofika, kijiwe kiliwaka.

— Karatasi! Komisa alisema. Karatasi itazuia ngumi? Mi sijaona karatasi inazuia hata mvua.

— Usizarau, Mezali akajibu. Mukono mutupu haulambwi.

— Hiyo inaingia wapi?

— Inaingia. Juje hakupeana mukono mutupu, alitia muhuri. Na wino ya muhuri ile haiko wino ya duka. Inapikwa. Chadrack akikanyaga hapa, muguu itavimba kama muhogo.

— Acha ushamba, Mezali. Siku hizi ni mashini. Wameingiza namba ya simu yake kule. Akifika karibu tu, tribinali nzima inalia.

— Na akiacha simu nyumbani?

Komisa alikuna shingo.

— Basi satelite. Inamuona kutoka juu, na ile kipara yake.

— Atavaa kofia.

— Satelite inaona mpaka chini ya kofia! Unafikiri waliirusha kule bure?

Marcelline aliweka vikombe mbele yao.

— Papa Ramazani, kaka Gédéon, hakuna dawa, hakuna mashini. Polisi iko na kopi. Shefu wa katiye, wa mutaa huu, iko na kopi. Chadrack alisomewa mbele ya juje, akatia sahihi. Akinikaribia, haitangojewa anipige kwanza. Kukaribia yenyewe ni kosa.

— Kukaribia tu? Mezali aliuliza.

— Tu.

— Hata akikuja na mikono nyuma?

— Hata akikuja anaimba zaburi.

Tulicheka. Yeye hakucheka. Kuna pikipiki ilikuwa inapita na magunia, inatoka upande wa Wamaza, kwao, na yeye aliifuata na macho mpaka ikapotea. Kila pikipiki ya upande ule aliiangalia hivyo. Musimu wa karanga mbichi alikuwa anashika moja tu ya muteja, anainusa harufu ya kwao, anairudisha.

Basi Chadrack alikuja kweli. Ilikuwa mchana, siku ya soko. Alivaa shati nyeupe iliyopigwa pasi, kwapani amebana kitenge kipya, na nyuma yake wajomba zake wawili, watu wazima wa kofia mukononi. Mezali, adabu yake ikamutangulia, alisogea kwenye ubao kumupatia nafasi.

— Karibuni, karibuni. Mugeni njoo, mwenyeji apone.

Mwenyeji alikuwa hajapona. Mukono wake ulikuwa bado umefungwa kitambaa, na alirudi hatua moja nyuma ya meza.

— Marcelline, Chadrack alisema kwa sauti ya pole kabisa. Sikukuja na fujo. Nimekuja kuomba musamaha mbele ya wakubwa. Kitenge hiki ni chako. Na mama yako kule Wamaza anakuulizia kila siku. Twende tumuone, muke wangu. Hata leo.

Alijua pa kugusa. Mimi nilikuwa karibu, niliona midomo ya Marcelline inafunguka kama mutoto anayeitwa jina lake kwa mbali. Angemwambia habari ya nguo au ya simu mupya, angebaki jiwe. Lakini mama yake! Aliangalia njia. Aliangalia kitenge. Nilifikiri, amekwenda.

Akashika simu.

— Mama Laura, amefika. Iko hapa mbele yangu.

Laura ni polisi, ndiye anapokea wamama na watoto wenye shida kama hizo. Mujomba mumoja akapiga kelele:

— Binti, unamuitia bwana yako polisi? Mbele yetu wakubwa?

— Wakubwa, heshima yenu naijua, Marcelline alisema. Juje alisema asikuje, na asitume mutu. Ninyi ni watu.

Hidaya alitoka ndani, akasimama bega kwa bega naye. Komisa alisukuma pikipiki yake, akaikingamisha katikati ya Chadrack na meza. Mezali akaangalia ile nafasi aliyoitoa, akainuka, akaenda kusimama upande wa wamama. Nikaacha baisikeli ya watu chini, nikaenda na mimi.

Laura alifika na mwenzake, jasho usoni. Chadrack alinyoosha kitenge.

— Ona, mama. Nilileta zawadi tu.

— Amri haikusema usilete ngumi, Laura alimujibu. Ilisema usikaribie. Twende.

Usiku ule Chadrack alilala ndani, kwa polisi. Juje akamuambia kwamba akirudia, atafungwa kabisa. Alipotoka alifunga vitu vyake, akaondoka Kasongo.

Kijiwe kilifanya sikukuu. Komisa alirudi na sauti yake yote.

— Imezuia! Karatasi imezuia!

— Si nilisema? Mezali akadakia. Maji yakimwagika hayazoleki!

— Lakini amekwenda wapi? nikauliza.

Marcelline ndiye alijibu, anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

— Amerudi Wamaza. Kwa baba yake. Kiwanja chao na chetu vinagawanywa na uzio wa matete. Mama akipepeta muchele, wao wanasikia.

Alikunja kitambaa cha meza.

— Hapa sasa nalala, akaendelea. Kweli nalala. Nikisikia miguu nyuma yangu, ni miguu tu. Karatasi imenipa hiyo, siwezi kukana. Lakini jioni saa za kupika, mama alikuwa ananiita kwa Kibangubangu, lugha yetu, hata kama niko hapo karibu naye, anapenda tu kuita. Hapa Kasongo watu wananiita vizuri. Lakini si vile.

Watu wa kijiwe hawawezi kuacha mutu na uchungu wake bila kuutafutia dawa. Komisa alianza:

— Mi naipeleka ile karatasi mwenyewe! Naisoma na megafoni, kijiji kwa kijiji, mpaka kuku wa Wamaza waijue.

— Mi nitaishona kwenye mugongo wa kanzu ya Marcelline, Mezali akasema. Herufi kubwa, uzi mwekundu. Chadrack akimuona nyuma, anasoma. Akimuona mbele, nitashona na mbele.

— Na kama hajui kusoma?

— Nitashona sura ya juje.

Marcelline alicheka, machozi yakiwa hapo hapo. Avoka alikuwa amemuambia kwamba amri inamufuata popote aendako, lakini kule Wamaza polisi wako mbali na uzio wa matete uko karibu. Angoje kwanza, watu wa tribinali waandikie wakubwa wa kule. Akangoja. Mvua zikaanza, njia ikawa matope, karanga zikavunwa bila yeye.

Halafu siku moja, jua limeinama, Komisa aliingia kutoka safari na abiria mumoja, mama muzee amejaa matope, anamushika kiuno kwa mikono yote kama anashika muti kwenye mafuriko. Alishushwa, akanyoosha magoti taratibu. Halafu aliita. Jina lile lile Marcelline, lakini liliitwa namna hatujawahi kulisikia, limevutwa murefu, linapanda mwishoni.

Birika lilianguka. Marcelline aliruka meza.

Walishikana muda murefu, wanaongea Kibangubangu yao, na sisi tukaangalia pembeni. Huyo ndiye alikuwa mama yake, Mama Régina. Hakuwahi kupanda pikipiki maisha yake yote. Tulimukalisha kwenye ubao, Hidaya akamuletea kahawa kutoka ndani, na Mezali na Komisa wakamueleza habari yote, wanakatana maneno: karatasi, muhuri, kitenge, Laura, juje. Alisikiliza na kikombe mukononi, mukono mwingine haukuachia kiganja cha binti yake.

— Chadrack namuona, alisema. Anakunywa chai asubuhi mbele ya nyumba yao. Anasalimia watu. Jioni anacheza na watoto wa ndugu yake.

— Ndiyo, mama, Komisa akasema. Karatasi imemufukuza hapa.

— Aksanti kwa karatasi. Mutoto wangu ni muzima, namuona. Aksanti sana. Lakini munielezee, wanangu, mimi sikusoma. Yeye ndiye alipiga. Sasa mbona yeye iko kwao, na huyu haiko kwao?

Mezali alianza mezali moja, akaiacha katikati. Komisa akaanza kufuta matope kwenye pikipiki yake. Hidaya akainama kuokota birika.

Mama muzee alingoja, anatupitishia macho mumoja mumoja, kwa heshima, kama mutu anayejua kwamba jibu liko, ila wakubwa bado wanalitafuta.