Mshindi Asiyeruhusiwa Kuimba

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa televisheni yetu, shikamoo.

KUKUKARIBISHA
Sisi wanamuziki saba wa bendi ya ukumbi huu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umekuja kufungua usaili wa shindano la pili la kuimba. Sisi bado tumekwama kwenye la kwanza. Anayekusomea risala hii ni Chiriku, mwimbaji wetu, mshindi wako wa mwaka juzi. Kusoma anaruhusiwa.

HISTORIA
Sisi ndio tuliomsukuma ashindane. Tulimpigia kura kwa simu mpaka vidole vikafa ganzi. Aliposhinda na ofisi yako ikampa mkataba wa kurasa arobaini, mpiga besi wetu, tunayemwita Wakili kwa sababu ya miwani yake, alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akasema, "Saini tu dada, haya mambo ya kawaida." Siku hizi hatumwachii asome hata tangazo la mlangoni.

MAFANIKIO
Picha ya Chiriku ilibandikwa ubavuni mwa mabasi. Mafanikio mengine hatuyajui.

CHANGAMOTO
Kifungu cha kumi na tisa cha mkataba huo kinamkataza kuimba popote mpaka albamu yake itoke. Shindano hili, pamoja na mkataba wake, lilinunuliwa kutoka ng'ambo, huko ambako kampuni za kurekodi humsubiri mshindi mlangoni. Nchi jirani nao walilinunua, lakini walikaa chini wakakifuta kifungu hicho, na mshindi wao anazunguka na bendi mji kwa mji. Kwetu kampuni ya kurekodi haipo hata moja. Muziki wetu unaishi harusini, kwenye mahafali, na humu ukumbini kila Jumamosi. Sasa albamu aitoe nani, mheshimiwa? Tumeuliza ofisini kwako mara kumi na moja, tunaambiwa tuvute subira. Tumeivuta mpaka imekatika!

Mwezi uliopita mdogo wake Chiriku aliolewa. Mashangazi walimwita mbele aimbe. Akatikisa kichwa, na mama yake mkubwa akasema mbele za watu, "Umaarufu umempanda kichwani huyu." Alikwenda kulia chooni, sisi tukaendelea kupiga kama mazuzu. Imetuuma sana.

MAOMBI
Ombi ni moja. Barua ya kumwachia huru imo ndani ya bahasha hii, pamoja na kalamu. Tunaomba saini yako leo, kabla hujawafungulia mlango vijana waliopanga foleni nje.

Ukisaini, wimbo wa kufungua usaili ataimba Chiriku. Usiposaini, tutaupiga bila mwimbaji, naye atasimama hapa hapa kwenye maikrofoni, amefunga mdomo, vijana wamwone vizuri.

Mungu akulinde wewe na familia yako, na auongoze mkono wako.

Ni sisi,
Bendi ya Ukumbi wa Ghorofani