Jicho Alilonibakizia Mtani Wangu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mganga Mkuu, masheikh wetu na mapadri wetu, wauguzi, wagonjwa mliotoroka wodini kufuata harufu ya pilau, na wewe Daktari Leonard tunayekuaga leo: niliyemsahau ajihesabu yumo.

Mimi ni Stambuli wa Kinole. Hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu, mimi niliyeishia darasa la pili, tena kwa jicho moja. Wenye digrii na macho mawili wamesoma zao hapa, tumesinzia.

Mwaka tisini na tano kichwa kiliniuma, hapa kwenye panja, hata kofia sikuweza kuivaa. Nani asiyeikumbuka miaka ile, biashara imefunguliwa, kila uchochoro wa Morogoro umeota duka la dawa? Nilimeza vidonge vya rangi zote. Nilitibiwa malaria mara tatu, na Dumila nikauziwa miwani ya mtumba. Chakula nacho nikitafuna kidogo, taya linachoka, naacha. Mke wangu Maimuna akadhani nina mwingine anayenilisha, akasema, “Huko Dumila ulikoshiba, kalale huko huko!”

Ndipo nikaja kwa huyu bwana. Akanipapasa panja, akaukuta mshipa umekuwa mgumu kama kamba. Akauliza, “Mzee, ukitafuna taya linachoka?”

Nikaruka. “Maimuna amefika hapa?”

Akafunga vifungo vyote vya koti lake, akasema, “Mishipa ya damu ya kichwani imevimba. Ni ugonjwa wa nadra, na mishipa hiyo ndiyo inayopeleka damu machoni. Anza vidonge hivi leo, usipomeza utapofuka.”

Ndugu zangu, Mluguru anaambiwa na Mnyamwezi kwamba atapofuka! Mtani wangu huyu, tunayetukanana naye hata msibani na hakuna anayenuna! Mngefanyaje? Nilicheka mpaka Sista Hosiana akaja kuchungulia. Nikamwambia, “Mnyamwezi, mmekwisha kubeba mizigo ya watu hadi pwani, sasa mnataka na macho yao?” Vidonge nikatia mfukoni, nikapanda zangu Kinole, nikawasimulia wenzangu, wakacheka nao.

Siku ya tatu asubuhi nimesimama kwenye migomba, jicho la kushoto likazimika. Pu! Kama koroboi.

Nilishuka mlima nimeshikwa mkono na Maimuna. Nilitegemea Mnyamwezi anicheke, maana ilikuwa haki yake. Hakucheka. Akasema, “Mzee, tumebaki na moja.” Tumebaki! Kana kwamba lake! Akanichoma sindano, akanisimamia nikameza. Akakata kipande cha mshipa, kikapelekwa Dar es Salaam, na jibu likachukua wiki tano kurudi likisema yeye ndiye mkweli. Je, angelingoja lile jibu, leo nani angesoma hapa?

Kichwa chenyewe kilipoa kesho yake tu baada ya sindano. Uso ukajaa kwa vile vidonge, kama wa mwali aliyetoka kutolewa ndani, na nilikula mpaka Maimuna akatamani ile Dumila inipokee. Kwa miaka miwili alinipunguzia dozi kidogo kidogo, na mara mbili nilijaribu kuacha kwa ubishi wangu, mara mbili akajua.

Tukapeana masharti: koti likifungwa vifungo, hakuna utani. Na Wanyamwezi wote wa hospitali hii, na Waluguru wote, mlirithi sharti hilo msijue limetokana na nani. Limetokana na mimi. Andikeni.

Lakini lilinitesa! Kila mwezi namkuta kafunga vifungo, nami nameza maneno pamoja na vidonge.

Leo amestaafu, anarudi Tabora, na koti amelivua. Basi nisikilize, Daktari. Hayo masikio yako, makubwa kama majani ya magimbi, nimeyatazama miaka yote hii kwa jicho ulilonibakizia, nikanyamaza. Leo nimesema. Na usijifiche kwenye kitambaa hicho, Mnyamwezi, nakuona unalia. Nakuona vizuri sana.

Nawashukuru kwa masikio yenu madogo. Asanteni kwa kunivumilia.