Daftari la Vipimo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyetutoka Jumanne iliyopita kwa shinikizo la damu, akiwa na miaka sitini na mitatu. Mtaani walimwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni, hata akienda harusini. Bi Futi alikuwa na wivu. Hatumsengenyi marehemu, mdogo wake mwenyewe ametuomba tuliseme hewani.

Sikieni chanzo. Bi Futi na mdogo wake walikuwa baba mmoja, mama mbalimbali. Mama mzazi wa Bi Futi alifariki binti yake akiwa bado wa kubebwa. Mama wa mdogo wake ndiye aliyemlea na kumfundisha kukanyaga cherehani. Bi Futi hakumwita mama wa kambo hata siku moja. Alimwita Mama, basi. Na Mama huyo alikufa kwa saratani ya matiti.

Mdogo alirithi macho ya Mama, sauti ya Mama, hata kicheko. Bi Futi alirithi cherehani.

"Nikicheka ananitazama, halafu ananuna," mdogo wake anasema.

Bi Futi alipofikisha arobaini, walikwenda hospitali pamoja kuuliza waanze lini kupigwa picha ya matiti, na mara ngapi. Daktari akauliza, "Mama aliwahi kuugua?"

Wote wawili wakajibu, "Ndiyo."

Daktari akaandika kwenye kadi zote mbili: kila mwaka. Bi Futi akaipokea yake kwa mikono miwili. Ndipo mdogo, kwa nia njema tu, akaropoka, "Lakini daktari, huyu si mama yake mzazi."

Kadi ikarudishwa, ikafutwa. Daktari alieleza vizuri. Mdogo, ambaye mama yake mzazi aliugua akiwa bado kijana: kila mwaka. Bi Futi, ambaye kwa damu yake hakuna aliyeugua: kila baada ya miaka miwili. Na yeyote akigusa uvimbe, asingoje tarehe. Bi Futi aliitikia huku amevimba kwa hasira. Kwenye ngazi za nje akamgeukia mdogo wake.

"Hata ugonjwa wa Mama unaninyima?"

Wiki tatu hawakusemeshana. Lakini Bi Futi alikuwa na daftari lake la vipimo, lenye viuno na mabega ya wateja. Akatenga humo ukurasa wa mdogo wake, na mwingine wake. Vipimo ni vipimo, alisema. Akaandika tarehe za mdogo, kila mwaka. Akaandika zake, kila baada ya miaka miwili, na hakukosa hata moja.

Mwaka wa sita mdogo akaanza visingizio. Mara kazi, mara mvua. Picha ya mwaka jana ilikuwa safi, ya nini tena? Bi Futi akaacha gauni la bibi harusi lina mkono mmoja, akamfuata kazini kwake, posta, daftari kwapani. Akasema mbele ya foleni nzima:

"Tarehe yako imepita siku kumi na tisa. Kama huitaki, nipe mimi! Mimi ningelala mlangoni!"

Foleni ikacheka. Mdogo akafunga dirisha lake kwa aibu, wakaondoka.

Picha ilionyesha kitu kidogo kuliko kifungo cha shati. Kilitolewa mapema. Wodini Bi Futi aliwatazama wauguzi wakihangaika na mdogo wake. "Hata hapa ni wewe tu," akasema. Kisha akalia. Hiyo ni miaka kumi na saba iliyopita, wapendwa, na mdogo yu hai.

Baada ya mazishi ya Bi Futi, mdogo alilifungua daftari. Juu ya ukurasa wake palikuwa pameandikwa: Mtoto wa Mama, wa pili. Juu ya ukurasa wa Bi Futi: Mtoto wa Mama, wa kwanza.

Tunaipa pole familia, na wateja wenye nguo zilizobaki mezani. Nanyi mnaotusikiliza, mwulizeni daktari wenu: mimi nianze lini, na mara ngapi? Mwambieni nani aliugua katika damu yenu. Kisha tafuteni mtu wa kuwakumbusha.

Tarehe ya mdogo ni Alhamisi ijayo. Bi Futi alishaiandika.

"Nitakwenda," mdogo alituambia huku ameshika mlango wa studio. "Lakini sasa nani atanionea wivu?"