Zakai Amadi, Mchonga Mihuri, na Divai ya Harusi Yake

Mimi kalamu siiwezi, na kila mtu hapa anajua. Zakai ana watoto wanne, wote wamesoma, lakini wamenigeukia mimi: "Shangazi Hazale, wewe ndiye dada mkubwa, andika." Haya, nimeandika. Na huyo mjukuu anayewasomea asiruke neno, nimesimama hapa namsikiliza.

Marehemu Zakai Amadi alizaliwa Machi 1938 mjini Amadiya, Kurdistani, mtoto wa tatu wa Murdakh na Asmar. Alianza kusoma kwa mwalimu wa sinagogi. Tulipohamia Yerusalemu mwaka 1951 akaenda shule kidogo tu, vidole vilikuwa vinamwasha kushika chuma. Akajifunza kuchonga mihuri kwa fundi mmoja mwenye kibanda katika soko la Mahane Yehuda, na kibanda kile hakukiacha hadi 2015. Mihuri ya wachinjaji, ya wauza jibini, ya wenye divai, yote aliichonga yeye, herufi kinyumenyume, safi kabisa!

Muhuri kwetu huitwa hotam. Wengi hudhani hotam ni kile kipande cha shaba. Zakai hakukubali hata siku moja. "Hotam ni alama ya mkono wa mtu," alisema. "Ukiiona unajua nani alifunga, na kama kuna aliyegusa." Ndiyo maana divai ikibebwa na asiye wa dini yetu, hata awe mwema namna gani, sheria inataka hotam ndani ya hotam: mmoja chini kwenye kizibo, mwingine juu kwenye kamba.

Alifunga ndoa na Sabriya Barashi siku ya Jumanne, tarehe 14 Agosti 1962. Alikaribia kuikosa! Baba mkwe, Mzee Nahum Barashi, alikuwa ameshaapa mbele ya watu: "Mchonga mihuri akiniletea divai yenye mashaka, binti yangu narudi naye nyumbani." Divai ilitoka kwa mjomba wetu kule tambarare. Tulikwenda wenyewe, mimi nikafunga vitambaa kwa kamba juu ya vizibo vya mitungi, Zakai akagonga mihuri, kisha tukamkabidhi dereva wa lori, asiye wa dini yetu. Kwenye kizibo Zakai alitumia lakiri, ile nta ngumu ya mihuri isiyoyeyuka kwa jua. Lakini juu, kwenye kamba, alitaka maua madogo aliyoyachonga kwenye muhuri wake yatokee vizuri, akaweka nta laini. Nta, mwezi wa Agosti!

Mitungi ilipoteremshwa, nta yote imeyeyuka. Hakuna ua, hakuna herufi.

"Muhuri wako uko wapi, fundi?" Mzee Nahum akauliza. "Umeunywa njiani?"

"Wa chini upo, baba."

"Mmoja! Sabriya, vua shela, twende."

Sabriya akaanza kulia. Zakai akawa anapapasa kamba, nta ikimganda vidoleni. Rabi aliyekuja kufungisha ndoa akainama kwenye mtungi, akashika kamba, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Fundo hili la nani?"

"Langu," nikasema. "La mama yetu, la Amadiya."

"Nifungie jingine, nione."

Nikafunga mbele yake. Akawapa kamba wanawake wa Barashi, wajaribu. Wakahangaika, wakacheka, wakatoa mafundo ya kufungia mbuzi! Rabi akakagua mtungi mmoja mmoja, kote ni fundo lile lile, halijaguswa. Akanyanyuka.

"Fundo lisilo la kawaida nalo ni hotam. Mihuri ni miwili. Mimineni!"

Zakai aliruka juu kama mtoto. "Hotam, baba mkwe! Umesikia? Hotam!" Vigelegele vikapasua mtaa, nami nikacheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

Mwaka 2016 alianza kuugua moyo. Alivumilia, akinung'unikia supu ya kuba, yale madonge yetu ya nyama, isiyo na chumvi. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Februari 2022, akiwa na miaka themanini na mitatu, mkono wake umo mkononi mwa Sabriya, tukamzika siku ile ile. Ameacha mjane, watoto Murdakh, Asmar, Yona na Shoshana, wajukuu kumi na mmoja, na mimi dada yake. Lala, ndugu yangu, ulifanya kazi nzuri.

Sasa ninyi wa ukoo wa Barashi. Miaka yote hii mnanong'ona kwamba binti yenu aliolewa kwa divai ya mashaka. Leo ni siku ya thelathini tangu tumzike, jiwe la kaburi lake limesimama na Sabriya yupo hapa anawasikia. Sogeeni, wekeni mkono juu ya jiwe, mseme kwa sauti kwamba ilikuwa halali. Mimi siondoki mpaka nisikie.