Pochi Iliyochuja Mbele za Watu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu kidogo, maana leo nimesimama hapa kanisani kutoa ushuhuda. Asifiwe tena!

Wengi mnanijua, mimi ni Eva wa pochi. Nauza pochi kuukuu pale Kariakoo, zile za ngozi, za majina makubwa ya Ulaya, zilizobebwa na akina mama wa huko mpaka wakazichoka. Na mnajua mji wetu ulivyo wa ajabu. Pochi mpya inang'aa dukani, mtu anaigeuzageuza na kuuliza, "Hii si feki?" Mwambie ni mtumba, imetoka kwenye belo, lile robota la mitumba ya Ulaya, uso unachangamka. Kwetu sisi kuukuu ndiyo orijino!

Nilikuwa na jicho, namshukuru Mungu. Nasoma herufi zilizochongwa kwenye zipu, naangalia mshono umelalaje, napima uzito wa vyuma kiganjani. Mwisho nanusa. Harufu ya belo, ile ya vumbi na dawa na kufungiwa, sisi wauzaji tunaiamini kuliko risiti. Watu walikuwa wanavuka maji kutoka Kigamboni kuja kuniuliza tu, "Dada Eva, hii ya kweli?"

Sasa sikilizeni msiba wangu. Nililelewa na shangazi, dada wa baba. Ndiye aliyenitoa Masasi nikiwa yatima, akanisomesha kwa kukaanga samaki pale Feri, mikono imejaa makovu ya mafuta. Binti yake Tumaini alipopata mchumba, shangazi akasema kwenye kichen pati, ile sherehe ya akina mama kumpa bibi harusi vyombo, yeye haleti sufuria kama wengine. Anataka pochi ya maana. Akanipa akiba yake, akaniambia, "Nichagulie wewe, mwanangu. Mimi hayo siyajui."

Belo lilifunguliwa mbele ya macho yangu. Nikaitoa pochi ya kahawia, mpini umeiva kama ulioshikwa miaka na miaka, pembe zimechakaa. Zipu safi, mshono safi. Nikainusa, nikasema hii ndiyo. Kumbe siku hizi matapeli wanachakaza pochi feki makusudi! Wanapaka mpini rangi, kisha wanazilaza ndani ya mabelo mpaka zishike harufu. Nilikuja kulijua hilo nimeshaumia.

Siku ya sherehe shangazi aliingia ukumbini akicheza, gauni jeupe, pochi ameinyanyua juu. Vigelegele! Joto lile la Dar mnalijua. Jasho likamtoka viganjani, na rangi ya mpini ikaanza kumtiririka mkononi, ikashuka mpaka kwenye gauni. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akapaza sauti, "Jamani, orijino inachuja?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kesho yake nilikwenda kwake Magomeni, nikapiga magoti. "Shangazi, hata mimi nimedanganywa."

Akanitazama. "Eva, mji mzima unakuja kukuuliza wewe. Leo kwangu mimi ndiyo usijue?"

Ndugu zangu! Ujuzi wangu wenyewe ndio ulionifunga. Asiyejua kitu akikosea, watu humwamini kwamba hakujua. Mimi nikawa tapeli kwa sababu ya kujua!

Nilikata tamaa. Nilikuwa naamka na jiwe kifuani. Nikishika pochi ya kweli kabisa naiona feki, mwishowe hata maombi yangu nikayaona feki. Nilifunga, nikamlilia Mungu amwonyeshe shangazi kwamba sikujua. Kimya. Sokoni wakanibatiza jina, Eva Inachuja, na wateja wakapita kwangu wakitazama kando.

Kisha shangazi akaugua. Nikawa naenda kumwogesha. Alikubali mikono yangu, lakini hakunisemesha. Hadi siku moja akanishika na kusema, "Eva, nimekusamehe."

Jamani! Sikutaka msamaha, nilitaka aniamini! Kuupokea msamaha ule ni kukiri kwamba nilimtapeli. Maneno yalikuwa mdomoni: unanisamehe nini, shangazi, na mimi sikutenda? Nikatazama ile mikono yenye makovu. Nikasema, "Asante, shangazi." Akafumba macho akapumzika. Haukupita muda tukamzika. Amekwenda akiamini nilimtapeli, na akanipenda hivyo hivyo. Linaniuma kila asubuhi, siwafichi.

Mtauliza, ukombozi uko wapi? Upo. Baada ya mazishi nilikaa na ile pochi na wembe, nikaifumua bitana nione ilikuwa imebeba nini. Ndani sponji na makaratasi tu, ngozi hakuna. Mimi Eva mwenye jicho lote lile nilihitaji wembe ndipo nijue! Shangazi je? Angeushika wembe gani wa kunifumua mimi, auone moyo wangu? Nililia kwa sauti. Yuko mmoja tu anayeona ndani bila kufumua, na aliniona siku ile nachagua ile pochi kwa upendo wote. Jiwe likasogea, ndugu zangu. Halijaondoka lote, lakini nilipumua, na leo napumua, na kwa hilo namshukuru Mungu mbele yenu!

Kama umesingiziwa, na aliyekudhania vibaya ni mtu unayempenda, na pengine keshazikwa, usife moyo. Mwamini huyo anayeona ndani. Njoo hapa mbele tusimame wawili. Mimi ushahidi sina. Shahidi ninaye.