Kikombe cha Mbuzi

Mniwie radhi mapema, maana kisa hiki kimepata msimulizi mbaya: nitacheka mahali pa kunyamaza, nitaliruka jambo kubwa nikakimbilia dogo, na nikishapata kasi, breki sina. Basi. Nyuma ya maduka ya Adams Arcade, upande unaoota jua la asubuhi, palikuwa na benchi la mbao lililoinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea, na kila Jumamosi wazee watatu walilikalia wakinywa kahawa ya tangawizi ya Mwanasha. Wa kwanza ni Mungai, muuza simiti, ambaye kijiwe kilimwita Mfuko. Wa pili ni Muzammil, fundi wa magari, aitwaye Spana hata na mkewe. Wa tatu ni Dalmas, aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi, akastaafu na methali zote na kuziacha maana zake darasani. Huyo ni Methali.

Jumamosi hiyo ya likizo ya Aprili, kahawa ya Mungai ilikuwa chungu kabla haijafika mdomoni. Ng'ambo ya maegesho, jirani yake Lazarus alikuwa akisugua magurudumu ya gari lake huku akiimba. Bintiye, Cate, alikuwa ametandaza ramani juu ya boneti.

— Spana, huyo mtu anaenda wapi na ramani? Kwani nyumba yake imehama?

— Hujasikia, Mfuko? Wanazunguka vyuo vikuu. Yeye, mama watoto, Cate na yule kijana mdogo. Njoro, Eldoret, mpaka Maseno. Ati Cate aone kwanza, ndio ajue atajaza gani kwa fomu shule ikifunguliwa.

— Aone nini?

— Kampasi.

— Kampasi ni ng'ombe, uikague meno?

— Siku zetu barua ilikuwa inakuja tu, alisema Methali. Ikikuandikia Njoro, unabeba sanduku unaenda Njoro. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingilia wapi hapo?

— Inaingia. Wewe ngoja tu.

Ugonjwa wa Mungai haukuanza siku hiyo. Lazarus alipopaka geti lake rangi ya samawati, Mungai alipaka geti, ukuta na kibanda cha mbwa. Lazarus aliponunua televisheni, Mungai alinunua kubwa zaidi, ikakataa kupita mlangoni, wakaitazama verandani mpaka masika yakawakuta. Sasa mabinti wao, Cate na Shiku, walikuwa kidato cha nne, shule moja, dawati moja, na Lazarus alikuwa ametangulia tena. Mungai alilitazama lile gari kwa jicho la mtu aliyeona shati lake limevaliwa na mwingine, na limempendeza.

— Lakini angalieni vizuri, alisema. Hiyo gari ni ya watu watano. Wao ni wanne. Hicho kiti kingine ni cha nani?

Hapo benchi lilichangamka.

— Springi, alisema Spana. Springi za nyuma zimechoka. Mtu wa tano akiingia, hiyo gari inapiga magoti kama imeokoka.

— Wewe unaona vyuma tu, alisema Methali. Huko wanatafuta bwana! Lekchara mchanga, hajaoa, ana miwani. Wakimpata wanarudi naye Nairobi kwa hicho kiti. Ndio maana wahenga wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Bwana yuko mvunguni?

— Hao wa miwani hujificha sana.

Mungai alitikisa kichwa kwa huruma, kama daktari anayesikiliza waganga.

— Nyinyi mnafikiria kidogo. Lazarus analeta profesa mzima. Anamweka kwa kale kachumba ka nyuma, anampikia, na profesa anafundisha Cate usiku na mchana mpaka siku ya mtihani. Juzi nimeona godoro mpya ikiingia kwake. Na macho yangu!

— Hiyo godoro ni ya yule kijana mdogo, alisema Spana. Ile ya kwanza ilikuwa inanuka mkojo.

— Hiyo ni stori amekupatia, na wewe ukameza.

— Au labda ni kiti tu, Baba Shiku, alisema Mwanasha akimimina kahawa. Kiti nacho si lazima kiwe na siri.

Hakuna aliyemsikia. Mungai alikuwa amesimama.

— Hata mimi nampeleka Shiku. Na siendi na gari ya kupiga magoti! Nakodi ile Nissan ya Mbugua, ya watu kumi na nne, dereva mbali. Mwanasha, lete vikombe.

— Vingapi?

— Vyote.

— Na wateja wengine watanywea wapi, viganjani?

— Wateja wengine wataona historia.

Basi vikombe vidogo vya Mwanasha vikapangwa juu ya benchi safu kwa safu, kila kikombe kiti. Maana tangu sheria ya mikanda iingie, mambo ya kupakatana yalikwisha: kiti ni mkanda, na mkanda ni mtu mmoja.

— Huyu dereva, alisema Mungai. Huyu mimi, hapa mbele. Huyu Mama Shiku. Huyu chapati.

— Chapati inakaa kiti?

— Wewe hujui chapati za Mama Shiku. Hizo hazibebwi mapajani, zinakunja suruali. Huyu ni cucu, mama yangu, hajawahi kupita Naivasha. Huyu dada yangu wa Loresho, kwa matajiri. Huyo lazima aende! Ndiye alisema sisi ni watu wa vumbi la simiti. Huyu pasta, tuombe kwa kila geti. Huyu mpiga picha.

— Wa nini?

— Sasa tukipiga picha kwa geti na Lazarus asione, tumeenda?

Spana alijipatia kikombe, kwa sababu gari bila fundi ni kaburi lenye magurudumu. Methali naye akavuta chake.

— Kampasi ni kama kwa wakwe, alisema. Huwezi kuingia kwa wakwe bila msemaji. Mtasimama getini mkikohoa tu. Mimi nitasema Kiingereza mpaka askari wa geti aombe maji.

— Umeongea kama mtu mzima! Na kwa wakwe huendi mikono mitupu.

— Kabisa. Mkono mtupu haulambwi.

— Tunampelekea mkuu wa chuo mbuzi.

Wakatazamana. Wazo lilikuwa zuri mno hata kahawa ikasahauliwa mikononi.

— Mbuzi apande juu kwa keria, alisema Spana.

— Na ile baridi ya Timboroa? Mbuzi afike akikohoa, mkuu wa chuo aseme tumemletea homa, halafu nani atamchukua Shiku? Hapana. Mbuzi atakaa ndani.

— Polisi watauliza mkanda.

— Atafungwa mkanda. Atafungwa vizuri kukushinda wewe.

Wajomba wawili wa Gatundu wakaongezwa ili wasinune, kisha jirani wa kushoto na mkewe ili Lazarus asikie kwa wengi. Kikombe cha mwisho, chenye ufa mdomoni, kikawekwa nyuma karibu na mlango. Hicho kikawa cha mbuzi. Mungai alirudi hatua moja, akautazama msafara wake ukimetameta juani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliweza kulitazama gari la Lazarus bila moyo kumchonyota. Kigari chenyewe kidogo! Kina kiti kitupu!

Ndipo Shiku alipotokea kwenye kona ya maduka, begi mgongoni.

— Hamjambo, wazee. Baba, nilikuwa nakutafuta.

— Umekuja wakati mzuri, mama! Ona. Hii yote ni safari yako.

— Karibu kahawa, mwanangu, alisema Mwanasha akiinua birika, kisha akaishusha. Lo! Sina kikombe. Vyote vimeketi.

Shiku aliinama juu ya benchi.

— Huyu ni nani?

— Shangazi yako.

— Na huyu?

— Chapati.

— Na huyu ako na ufa?

— Mbuzi, alisema Methali kwa heshima. Wa mkuu wa chuo.

— Na mimi ni kikombe gani?

Spana aliinama kukagua miguu ya benchi kama aliyesikia mlio. Methali alifungua mdomo, akaupekua, hakuna methali iliyotoka. Mungai alihesabu kutoka mbele, akahesabu kutoka nyuma. Alishika kikombe cha chapati, akamkumbuka Mama Shiku, akakirudisha. Alishika cha shangazi, akaikumbuka Loresho, akakirudisha.

— Si kitu, Baba, alisema Shiku. Nilikuja tu kuuliza kama naweza kwenda na kina Cate. Baba yake ameniwekea kiti. Ndio maana hajabeba mtu mwingine. Tukifika Njoro atatuulizia tuone mahali wanapima udongo.

— Udongo?

— Ndiyo kozi nataka. Nilikuambia Krismasi.

— Krismasi nilikuwa wapi?

— Juu ya ngazi. Ulikuwa unapaka kibanda cha mbwa.

Ng'ambo ya maegesho, Lazarus aliwaona wakimtazama. Akainua kitambaa chake chenye povu, akawapungia, mtu asiyejua kwamba nyumbani kwake kunakaa profesa. Mungai alitafuta ubaya ndani ya mkono ule. Hakuuona.

— Nenda, mama. Mwambie Baba Cate asante. Na upitie nyumbani, mama yako akupikie chapati za njia.

Shiku aliondoka mbio, begi likimpiga mgongoni.

— Sasa safari yetu, Mfuko? aliuliza Spana kwa upole.

Mungai alipeleka mkono nyuma kabisa ya msafara, akachukua kile kikombe chenye ufa, akakipangusa kwa upindo wa koti, akamnyooshea Mwanasha.

— Nimiminie hapa.

— Hicho si cha mbuzi, Baba Shiku?

— Ndicho. Mwenyewe ameshafika.